Bandari ya Januari

Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume kuna mjadala ambao wasomaji wengi huupita mbio ili wafike kwenye dhoruba. Merikebu iliyombeba Mtume Paulo, mfungwa anayepelekwa Roma, imechelewa njiani. Siku ya kufunga ya Wayahudi imeshapita, maana yake vuli imeingia, na chombo kiko kusini mwa kisiwa cha Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri. Paulo anashauri wasiendelee. Nahodha na mwenye merikebu wanaona bandari hiyo haifai kukaa wakati wa baridi. Afadhali kufika Foinike, mwendo mfupi tu upande wa magharibi. Akida wa Kirumi anayemsindikiza Paulo anawasikiliza wenye chombo. Wanang'oa nanga kwa upepo mwanana wa kusini, na hawajafika mbali upepo mkali wa kaskazini-mashariki unawashukia kutoka kisiwani. Watu 276 wanasukwasukwa baharini siku 14, na mwisho merikebu inavunjikia Malta.

Katika habari hiyo jicho langu hutua penye jambo dogo. Mwandishi anapoitaja Foinike hataji soko lake wala maji yake ya kunywa. Anataja bandari inaelekea upande gani. Kwa mtu wa bahari hilo ndilo swali la kwanza. Karibu miaka 2,000 imepita, boti zimekuwa za fiberglasi, nahodha anatembea na setilaiti mfukoni, na bado anayetafuta mahali pa kupisha majira ya baridi katika pwani ya Italia anapaswa kuuliza lile lile: mlango wa bandari hii unatazama upepo gani, na upepo huo ukivuma siku tatu mfululizo mwezi Januari, ndani kutakuwaje?

Warumi walikuwa na kalenda ya jambo hili. Vegetius, mwandishi wa mambo ya vita wa miaka ya mwisho ya dola ya Roma, aliandika kwamba bahari ni salama kuanzia 27 Mei hadi 14 Septemba. Toka hapo hadi 11 Novemba ni ya kubahatisha. Na kuanzia 11 Novemba hadi 10 Machi imefungwa. Meli za mizigo za leo hazina haja na kalenda hiyo. Lakini boti ya tanga ya mita 12, yenye mume na mke waliostaafu na labda mbwa mmoja, bado inaishi kwa hesabu ya Vegetius. Watu hawa huzunguka Ugiriki, Kroatia na Sardinia kiangazi chote, na Oktoba ikikaribia wanaanza kupiga simu bandarini kuulizia nafasi. Wengi hukosea kwa sababu wanachagua bandari wakiwa wameiona Julai, bahari ikiwa shwari, mikahawa imejaa na taa zinameremeta majini. Bandari ya kupisha baridi ipimwe kwa siku yake mbaya kuliko zote.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kudhani habari hii anaijua, kwa kuwa bandari zetu nazo ziliishi kwa majira. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yaliteremka na kaskazi, yakatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, yakangoja kusi iyarudishe kwao. Tofauti ni kwamba kaskazi ikishika, imeshika. Nahodha wa jahazi alijua kwa miezi upepo utatoka wapi, na alitafuta kimbilio la upepo mmoja. Bahari ya Mediterania wakati wa baridi haikupi uhakika huo. Mgandamizo mdogo wa hewa ukiumbika Ghuba ya Genova na kusogea mashariki, upepo unaweza kuanzia kusini-mashariki, ukageukia kusini-magharibi, ukamalizikia kaskazini-magharibi, yote hayo ndani ya siku mbili. Ghuba iliyokuwa kimbilio Jumatatu inakuwa mahali pa hatari Jumatano, na chombo kilichofungwa humo hakina pa kwenda.

Maji nayo ni tofauti. Kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4, na fundi anaweza kukipweleza chombo, akakwangua mkuku na kupaka deheni kabla maji hayajarudi. Sehemu kubwa ya Italia maji hayachezi zaidi ya sentimita 30 hivi. Ni kaskazini mwa Adriatiki tu, kuanzia Venezia hadi Trieste, ndipo yanapokaribia mita moja. Kwa hiyo kazi yoyote ya chini ya boti inataka kreni, na bandari isiyo na kreni ya kubeba uzito wa boti yako, au iliyo mbali na yenye kreni hiyo, si ya kupishia baridi hata ikiwa na kila kitu kingine. Ujue hilo kabla hujatia saini, kwa sababu propela ikishika kamba Februari hutakuwa na maji ya kupwa ya kukusaidia.

Kila upepo una jina lake pale, na majina hayo utayasikia kila siku. Tramontana hutoka kaskazini. Grecale hutoka kaskazini-mashariki, na ndiyo iliyoiondoa njiani merikebu ya Paulo. Levante ni ya mashariki. Scirocco ya kusini-mashariki, inayokuja toka Sahara na mavumbi mekundu. Ostro ya kusini. Libeccio ya kusini-magharibi. Ponente ya magharibi. Na maestrale ya kaskazini-magharibi, inayoshuka kupitia Ufaransa na kuipiga Sardinia bila huruma. Kasi ya upepo peke yake haitoshi kukuambia hatari. Kinachojenga wimbi ni masafa ambayo upepo umepita juu ya maji bila kukutana na nchi kavu. Trieste ina upepo wa bora, ambao umewahi kupita kilomita 150 kwa saa katika mikupuo yake, na zamani mjini zilifungwa kamba pembeni mwa njia ili wapita njia wajishikilie. Hata hivyo bora hushuka kutoka milimani, haijapata bahari ya kutosha kukuza mawimbi makubwa kabla ya kufika gatini. Itakuchania tanga ulilosahau kulivua, itavunja mlingoti usiokazwa vizuri. Libeccio ya kilomita 80 kwa saa iliyotoka Visiwa vya Balearic hadi Toscana bila kizuizi inaweza kukuharibia bandari nzima.

Na bandari nzima imewahi kuharibika. Mfalme Klaudio alianza kujenga bandari ya Portus karibu na mlango wa mto Tiber mwaka 42 baada ya Kristo, kwa sababu Roma ilikula nafaka ya Misri na haikuwa na mahali salama pa kuishushia. Kuta mbili ndefu zilikumbatia eneo kubwa la maji. Ukubwa huo huo ndio ulioleta msiba. Mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba mwaka 62 dhoruba ilizamisha meli zipatazo 200 ndani ya bandari, zikiwa zimeshafika. Eneo la maji lilikuwa pana kiasi kwamba upepo ulipata nafasi ya kuinua mawimbi mapya humo humo ndani ya kuta. Baadaye Mfalme Trajano alichimba bwawa la pembe sita nyuma ya bandari ile, dogo, la ndani zaidi, na bwawa hilo bado lipo hadi leo jirani na uwanja wa ndege wa Fiumicino. Sasa liko nchi kavu, mbali na mawimbi, kwa kuwa mchanga wa Tiber umeisukuma bahari.

Tarehe 29 Oktoba 2018 jambo la namna hiyo lilitokea Rapallo, katika pwani ya Liguria, kilomita chache kutoka Portofino. Ghuba ya Rapallo iko wazi upande wa kusini. Dhoruba ambayo Waitalia wanaiita Vaia ilisukuma mawimbi ya kutisha kutoka upande huo, ukuta wa kuvunja mawimbi wa bandari ya boti ukapasuka, na bahari ikaingia. Asubuhi boti za kifahari zilikuwa zimerundikana juu ya mawe ya ufukweni, nyingine zimepanda hadi kwenye barabara ya matembezi. Dhoruba hiyo hiyo iliimega barabara ya kwenda Portofino na kuuacha mji huo bila njia ya gari kwa miezi. Bandari imejengwa upya. Ninaitaja kwa sababu ya tarehe: mwisho wa Oktoba, wakati ambapo wenye boti wengi wameshafunga kamba zao za baridi na kurudi makwao wakiwa na amani moyoni.

Kwa nini basi bandari nyingine zinahimili? Jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusoma limo katika barua ya Plinio Mdogo, mwandishi wa Kirumi. Alikuwa mgeni wa Trajano mahali palipoitwa Centumcellae, Civitavecchia ya leo, wakati bandari ikijengwa. Anaeleza kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha na wa kulia ulikuwa kazini, na kwamba mbele ya mlango kilikuwa kinainuliwa kisiwa cha kutengenezwa ili kiukate mgongo wa bahari. Meli pana zilileta mawe makubwa mno, zikayatupa moja juu ya jingine, nayo yakajishikilia kwa uzito wake tu. Plinio aliona pia umuhimu wake: pwani ile ni ndefu na haina makimbilio, na wengi wangeokolewa hapo. Leo kusini kidogo mwa Civitavecchia iko bandari ya boti iliyopewa jina la mfalme huyo, Riva di Traiano, na wanaosafiri kati ya Toscana na Napoli wanaifahamu sana.

Kanuni ya kisiwa kile unaweza kuitumia ukiwa mezani. Chukua ramani ya bandari unayoifikiria, weka kidole baharini upande ambao upepo mbaya wa eneo hilo hutokea, ukisogeze mlangoni kwa mstari ulionyooka. Kama kidole kinafika kwenye boti bila kugonga ukuta, hapo si pa kulala Januari. Kama kinagonga ukuta wa kwanza, kikalazimika kuzunguka, kikakutana na wa pili kabla ya kuzifikia boti, endelea kuulizia bei. Halafu tazama ukuta wa ndani umejengwa kwa nini. Zege lililosimama wima hulirudisha wimbi kama lilivyokuja, na maji ya bandarini yanabaki yakitikisika usiku kucha. Mteremko wa mawe hulimeza. Mtikisiko huo wa ndani, ambao Waitalia huuita risacca, hauzamishi boti siku moja. Unasaga kamba, unang'oa vyuma vya kufungia, na unamnyima usingizi anayeishi ndani mpaka anaichukia bandari.

Bandari iliyojikunja vizuri dhidi ya mawimbi ina adui wa pili, naye ni mchanga. Wimbi linalozuiwa mlangoni hutua mzigo wake pale pale. Roccella Ionica, chini ya unyayo wa Calabria, ni mfano ambao kila nahodha wa njia ya Ugiriki anaujua. Kati ya Reggio Calabria na Crotone pwani imenyooka, milima inashuka karibu na bahari, na hakuna kimbilio jingine la kutegemewa kwa chombo chenye mkuku mrefu. Bandari yenyewe ni nzuri, ndani imetulia, lakini baada ya vipindi vya scirocco fungu la mchanga huota mlangoni, na nahodha huingia akiambatana na upande mmoja kwa maelekezo ya walioko gatini. Huko huko Calabria, upande wa Crotone, alfajiri ya 26 Februari 2023 mashua ya mbao iliyotoka Uturuki ikiwa imejaa wakimbizi, wengi wao Waafghanistan, iligonga fungu karibu kabisa na ufukwe wa Steccato di Cutro. Walikufa watu zaidi ya 90, watoto wakiwemo. Hawakuwa na uwezo wa kuchagua bandari. Anayeweza kuchagua, na akaweza kusubiri siku tulivu, ashukuru na asiipite pwani ile baridi ikiwa imekolea kwa kutegemea utabiri wa matumaini.

Sisilia ya kusini ndiko wanakoishia wengi wa wale wanaoishi ndani ya boti mwaka mzima, na kuna sababu. Januari mchana joto hufika nyuzi 14 au 15, theluji ni ya milimani tu, na Malta iko umbali wa safari ya siku moja. Marina di Ragusa, iliyofunguliwa mwaka 2009 ikiwa na nafasi zipatazo 800, imekuwa kijiji cha majira ya baridi cha watu kutoka Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Marekani na Australia. Asubuhi husalimiana kwa redio ya boti: nani amefika, nani anauza jenereta, nani anakwenda Ragusa na ana nafasi garini, leo utabiri unasemaje. Mwenye cherehani ya kushonea tanga hupata wateja bila tangazo. Kwa mtu aliyezoea kukaa peke yake na mwenzi wake miezi sita baharini, sauti hizo ni dawa, na ninaamini ndizo zinazowarudisha watu mwaka baada ya mwaka kuliko bei. Miji ya ndani, Ragusa, Modica na Scicli, ilijengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 1693 na ni raha kuizunguka kwa miguu mvua isiponyesha. Kasoro iko kwenye mji wenyewe wa pwani. Ni mji wa likizo, na Novemba nyumba nyingi hufunga madirisha. Mlango wa bandari nao hukusanya mchanga.

Licata, magharibi zaidi katika pwani hiyo hiyo, haina sura ya kupendeza watalii. Ilikuwa bandari ya kusafirishia salfa, na tarehe 10 Julai 1943 majeshi ya Marekani yaliteremka katika fukwe zake. Bandari ya boti imejengwa ndani ya kuta za bandari ya zamani, kwa hiyo wimbi lazima lishinde ukuta mmoja kabla ya kukutana na wa pili. Mji haufungwi. Wavuvi wanatoka na kurudi, fundi chuma yupo karakanani kwake Januari kama Julai, soko linauza machungwa na spinachi, na daktari anapatikana. Kati ya hizi mbili mimi ningempeleka mgeni Licata ikiwa anakuja kufanya kazi kwenye boti yake, na Marina di Ragusa ikiwa anaogopa upweke. Upweke si jambo dogo. Mvua ya siku sita mfululizo katika chumba cha mita nne kwa mbili imewahi kuwashinda watu ambao bahari haikuwashinda.

Kuna bandari ambazo thamani yake yote iko kiangazi, na hakuna aibu katika hilo mradi ujue. Porto Cervo, kaskazini-mashariki mwa Sardinia, ni ya namna hiyo. Aga Khan wa Nne, yule yule ambaye jina lake Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam linajulikana kwa hospitali na shule, aliongoza kundi la wawekezaji lililoanzisha Costa Smeralda mwaka 1962. Palikuwa na mawe na mbuzi. Sasa Agosti boti za mita 60 hupanga foleni. Novemba maduka yamefungwa na usafiri ni wa shida. Sardinia ya baridi ni Cagliari, mji mkuu, ambako boti inalala ndani ya jiji, uwanja wa ndege uko karibu sana, hospitali ipo, na maestrale inayovuma kwa siku nyingi hufika ikiwa imepita juu ya kisiwa kizima, haina wimbi. Ghuba yake iko wazi kusini, kwa hiyo ulizia gati lililo ndani ya kuta ndefu za bandari kuu.

Kaskazini mwa Adriatiki hesabu ni tofauti kabisa. Monfalcone, Lignano na wangwa wa Venezia zina baridi ya kweli, ukungu, na mara nyingine barafu nyembamba asubuhi. Hakuna anayekwenda huko kuota jua. Waaustria na Wajerumani wanaacha boti zao nchi kavu, wanaziegemeza kwenye viguzo, wanapanda gari na kufika nyumbani jioni ile ile. Mafundi ni wengi na wana uzoefu wa muda mrefu. Usisahau kuuliza urefu wa maji ya mafuriko: Venezia ilifikia sentimita 194 mwaka 1966 na 187 tarehe 12 Novemba 2019, na ingawa milango ya MOSE inayozuia bahari imefanya kazi tangu Oktoba 2020, inaulinda wangwa wa Venezia tu. Boti iliyowekwa kwenye viwanja vya chini nje ya wangwa huo haina mlinzi.

Ukishachagua mbili au tatu, nenda ukazione, na uende kukiwa kubaya. Siku mbili baada ya scirocco kali bandari hujieleza yenyewe. Boti za Italia hazifungwi ubavu kwa gati. Huingia kinyumenyume, tezi ikitazama gati na omo ikitazama maji, zimebanana. Mfungaji wa boti, ormeggiatore, husimama ukingoni na kukupa kamba nyembamba inayozama majini. Unaivuta huku ukitembea kuelekea omo, nayo inatoka topeni na mwani na kome wadogo wanaokata viganja, mpaka inaleta kamba nene iliyoshikwa na zege chini ya bahari. Hiyo nene ndiyo roho ya boti yako kwa miezi sita. Omba ikaguliwe na mzamiaji, na uambiwe mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Pale inapokutana na mnyororo ndipo inapolika, na juu huwezi kupaona.

Kisha tembea gatini taratibu, utazame boti zinazoishi pale mwaka mzima. Kama kila moja imefungwa kwa kamba mbili mbili zenye springi za chuma na mpira, na matairi yamening'inizwa kila upande, wenyeji wanakuambia kitu. Tazama vyuma vya kufungia kama vimelegea kwenye zege. Tazama ukuta wa nje: mawe mapya meupe katikati ya meusi ni mahali palipobomoka na kuzibwa. Halafu nenda kwa wavuvi, uwaulize wanazihamishia wapi mashua zao libeccio inapotangazwa. Wakikujibu kwamba hawazihamishi, umepata jibu lenye thamani kuliko karatasi zote za ofisini. Wakikuonyesha pembe fulani ya bandari, omba nafasi katika pembe hiyo.

Bei hupimwa kwa urefu wa boti, mara nyingi na upana, na mwenye katamarani hulipa nusu zaidi au hata mara mbili. Mkataba wa baridi huanza Oktoba na kuisha Machi au Aprili, na mara nyingi gharama yake yote haizidi sana mwezi mmoja wa Agosti. Hakikisha umeandikwa kama maji na umeme vimo. Umeme ndio unaowashangaza wageni, kwa sababu hita na mashine ya kukausha unyevu huwaka usiku kucha; boti isiyokaushwa huota kuvu nyuma ya magodoro kabla ya Krismasi. Uliza waya wa gatini unabeba ampea ngapi. Uliza bafu lina maji ya moto mwezi Januari, na kama kuna mlinzi usiku. Ukiwa hapo, weka redio yako chaneli 68, ambako utabiri wa bahari husomwa mfululizo kwa Kiitaliano na Kiingereza, na uandike mahali panapoonekana namba 1530 ya Guardia Costiera, walinzi wa pwani.

Mwisho ni karatasi, na hapa watu na boti huhesabiwa tofauti. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kukaa eneo la Schengen siku 90 katika kila siku 180, na kuanzia mwaka 2021 Waingereza nao wamo katika hesabu hiyo. Mkenya au Mtanzania anahitaji viza kwanza. Anayetaka kukaa baridi nzima aombe viza ya muda mrefu akiwa kwao, kisha kibali cha kuishi baada ya kufika. Boti iliyosajiliwa nje ya Umoja, ikiwa mmiliki wake naye anaishi nje, inaweza kukaa miezi 18 bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Italia ni asilimia 22. Weka stakabadhi ya tarehe uliyoingia. Bila hiyo, huna cha kumwonyesha ofisa wa forodha.

Kwa hiyo boti nyingi hupisha baridi peke yake, mwenyewe akiwa mbali, na kabla ya kuondoka lazima apatikane mtu wa kuiangalia. Mlipe, muandikiane kazi. Apite kila wiki na kila baada ya dhoruba. Aguse kila kamba kwa mkono mahali inaposugua, azungushe sehemu iliyolika. Afungue ngama aone maji yamefika wapi, awashe pampu kwa mkono hata kama inajiwasha. Asome betri. Scirocco ikipita na mavumbi yake, amwagie sitaha maji matamu kabla mvua haijayageuza tope na kuziba matundu ya kutolea maji. Akutumie picha ya kamba za omo zikiwa zimekaza, siku ile ile.